Kujifunza Kutumia Modeli za Kihisabati katika Biolojia: Tuanze na Nyumbu wa Serengeti

Mwanafunzi wa biolojia anayetaka kujifunza modeli za kihisabati kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye kitabu kinene cha kalkulasi, na wengi huishia hapo kabla hawajamwona mnyama hata mmoja akiingia kwenye hesabu. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Tutaanza na wanyama waliohesabiwa kweli, katika nchi tunayoifahamu, tutajenga modeli yao kwa kujumlisha na kuzidisha tu, kisha tutaitafutia makosa kwa bidii ileile tuliyotumia kuijenga. Naamini kwa dhati kwamba modeli humfundisha mtu biolojia zaidi pale inapotofautiana na hali halisi kuliko pale inapolingana nayo, na anayejifunza bila kuzoea kuitafuta tofauti hiyo anajifunza nusu tu ya kazi.

Unachohitaji ni hesabu za kidato cha nne, daftari, na programu yoyote ya lahajedwali, hata ile ya bure ya LibreOffice Calc au iliyomo kwenye simu yako. Usianze na kompyuta. Mistari mitano ya kwanza ya kila modeli iandike kwa kalamu, kwa sababu mkono unaoandika huiona dhana iliyojificha ambayo jicho linalotazama grafu huipita.

Kwanza, swali

Modeli ya kihisabati ni maelezo ya kibiolojia yaliyoandikwa kwa namba ili matokeo yake yaweze kukokotolewa. Kwa hiyo maelezo yenyewe lazima yawepo kabla ya namba. Mtu anayesema "nataka kutengeneza modeli ya nyumbu" hajasema kitu bado, lakini anayeuliza "kwa nini nyumbu wa Serengeti waliongezeka upesi baada ya 1961, na ni nini kilichowasimamisha?" amekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi, kwa kuwa swali lake linamwambia ni nini cha kuhesabu na nini cha kuacha. Katika swali hili hatuhitaji kujua uzito wa kila nyumbu wala njia anazopita kuelekea Maasai Mara. Tunahitaji idadi yao mwaka hadi mwaka, na kitu kimoja au viwili vinavyoibadilisha idadi hiyo.

Liandike swali lako juu ya ukurasa, na chini yake uandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu vinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, kama vile idadi ya wanyama. Hivi huitwa vigeu. Ya pili ni ya namba ambazo utazichukulia kuwa hazibadiliki, kama vile kasi ya kuzaana. Hizi huitwa vigezo. Mbele ya kila namba andika kipimo chake: wanyama, wanyama kwa mwaka, asilimia kwa mwaka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi ya wanaoanza hayatokani na hisabati ngumu bali na mtu kuchanganya kasi ya mwaka na hatua ya mwezi. Kasi ya asilimia 15 kwa mwaka, ukihesabu kwa hatua za mwezi mmoja mmoja, ni takriban asilimia 1.25 kwa kila hatua, na ukisahau kuigawa, nyumbu wako watajaza bara zima kabla ya ukurasa kwisha.

Nyumbu wenyewe

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukitokea Pembe ya Afrika, ukaua ng'ombe kwa wingi wa kutisha, na pamoja nao nyati na nyumbu. Ugonjwa ulibaki ukirudi kwa miongo mingi na kuua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, virusi vilitoweka hata kwa wanyamapori ambao hawakuguswa na sindano, na ndama wengi zaidi wakaanza kuuvuka mwaka wao wa kwanza. Watafiti waliwahesabu nyumbu hao kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege ndogo. Mwaka 1961 walipata takriban 263,000, mwaka 1965 takriban 439,000, mwaka 1967 takriban 483,000, mwaka 1971 takriban 693,000, na kufikia 1977 idadi ilikaribia milioni 1.4. Baada ya hapo ongezeko lilikoma, na kwa miaka mingi idadi ilizunguka takriban kati ya milioni 1.2 na 1.4, isipokuwa baada ya ukame mkali wa 1993, iliposhuka hadi kama 900,000.

Nakuomba uzinakili namba hizi kwenye daftari kabla ya kuendelea. Anayeanza na takwimu halisi hupata mtu wa kubishana naye; anayeanza na mlinganyo peke yake hubishana na kivuli chake.

Modeli ya kwanza ni ile nyepesi kuliko zote. Tuseme kila mwaka idadi huongezeka kwa sehemu ileile ya wanyama waliopo. Kati ya 1961 na 1971 idadi ilizidishwa mara 2.6 hivi, na hiyo ni wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo idadi ya mwaka ujao ni idadi ya mwaka huu mara 1.10. Anza na 263,000 na uendelee kuzidisha: mwaka 1962 unapata 289,300, mwaka 1963 unapata 318,230, na ukifika 1977 unapata takriban milioni 1.2, ambayo haiko mbali sana na hesabu ya ndege. Mwanafunzi asiye mwangalifu angefurahi na kufunga daftari. Lakini usisimame hapo. Endelea hadi 2001 uone kinachotokea. Jibu ni karibu nyumbu milioni 12, ambao nyasi za Serengeti haziwezi kuwalisha hata kwa msimu mmoja. Modeli ilikuwa inasema, bila sisi kuisikia, kwamba malisho hayana mwisho.

Hapa ndipo unapoongeza sentensi moja ya biolojia. Malisho ya kiangazi yana kikomo, na kadiri nyumbu wanavyokikaribia kikomo hicho ndivyo ongezeko linavyopungua. Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliliandika wazo hili kwa hisabati mwaka 1838, akiwaza idadi ya watu. Kikomo tukiite K, na kasi ya kuongezeka wakati nafasi ni tele tuiite r. Ongezeko la mwaka mmoja ni r mara idadi iliyopo mara sehemu ya nafasi iliyobaki, na sehemu hiyo ni 1 kutoa idadi gawanya kwa K. Isome tena polepole kwa maneno hayo, bila alama. Wakati wanyama ni wachache, sehemu iliyobaki inakaribia 1 na ongezeko ni kama la modeli ya kwanza. Wakati wanyama wamefikia K, sehemu iliyobaki ni sifuri na ongezeko linasimama.

Tuchukue K kuwa 1,300,000 na r kuwa 0.15 kwa mwaka, kisha tuhesabu mwaka wa kwanza pamoja. Mwaka 1961 nyumbu ni 263,000. Gawanya kwa 1,300,000 unapata 0.202, kwa hiyo sehemu iliyobaki ni 0.798. Zidisha 0.15 mara 263,000 mara 0.798, unapata takriban 31,500. Mwaka 1962 basi ni 294,500. Fanya vivyo hivyo kwa mkono hadi 1965; unapaswa kupata karibu 405,000. Ukipata namba iliyo mbali na hiyo, kosa huwa ni moja kati ya mawili: umetumia idadi ya 1961 mahali pa idadi ya mwaka uliofuata, au umesahau kutoa kwenye 1.

Sasa fungua lahajedwali. Katika safu ya A andika miaka kuanzia seli A2, na katika seli B2 andika 263000. Weka r katika seli E1 na K katika seli E2. Katika seli B3 andika fomula hii, kisha iburute kwenda chini:

=B2+$E$1*B2*(1-B2/$E$2)

Alama ya dola huizuia programu isihame kutoka kwenye seli ya kigezo unapoiburuta fomula, na faida yake ni kwamba ukibadilisha namba moja katika E1, safu nzima hubadilika papo hapo. Utaona modeli ikitoa karibu 491,000 mwaka 1967 na karibu 681,000 mwaka 1971, huku watafiti wakiwa wamehesabu 483,000 na 693,000. Chora grafu ya modeli kwa mstari na ya hesabu halisi kwa nukta juu ya mhimili uleule. Utaona pia, ukiitazama safu ya ongezeko la kila mwaka, kwamba ongezeko kubwa kuliko yote hutokea idadi inapokuwa nusu ya K, yaani karibu 650,000, na si mwanzoni wala mwishoni.

Huenda unajiuliza nimeipata wapi 0.15. Nimeipata kwa kujaribu. Ukiweka 0.10, modeli inafika 1971 ikiwa na 524,000 tu, ukiweka 0.20, inafika na zaidi ya 830,000; katikati yake ndipo mstari unapopita karibu na nukta. Kuna njia za kitakwimu za kukitafuta kigezo kinacholingana vizuri kuliko vyote, nawe utazifikia baadaye, lakini anayeanza na afanye kwa mkono, akiisogeza namba na kuutazama mstari unavyopanda na kushuka, hadi aujue mwenendo wa modeli yake kama dereva anavyoujua usukani.

Mahali modeli inapokosea

Teremka sasa hadi 1977. Modeli inasema karibu 953,000, na hesabu ya ndege ilikaribia milioni 1.4. Hiyo ni tofauti kubwa, na kosa lililozoeleka ni kukimbilia kubadilisha r na K mpaka mstari upite kwenye nukta ya mwisho. Usifanye hivyo kabla ya kujiuliza ni dhana gani imevunjika. Tulichukulia kwamba K haibadiliki. Lakini kati ya 1971 na 1976 mvua za kiangazi katika Serengeti zilikuwa nyingi kuliko kawaida, nyasi za kijani zikapatikana katika miezi ambayo kwa kawaida nyumbu hufa kwa njaa, na hivyo kikomo chenyewe kilipanda. Sotoka ilipoondoka iliwafungulia nyumbu mlango. Mvua ya kiangazi ndiyo iliyowasukuma hadi walikofika. Modeli yetu, kwa kupungukiwa, imetuonyesha kwamba sababu zilikuwa mbili, na imetuonyesha hata mwaka ambao tunapaswa kuanza kuitafuta ya pili. Kwa maoni yangu hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo hisabati ndogo namna hii inaweza kumpa mwanabiolojia.

Lipo jaribio jingine ambalo nakusihi ulifanye, hata kama utaruka mengine yote. Rudi kwenye E1 na E2, weka r kuwa 0.12 na K kuwa 2,600,000, yaani kikomo mara mbili ya kile cha kwanza. Tazama: mwaka 1967 unapata karibu 477,000, na mwaka 1971 unapata karibu 684,000. Modeli mbili zenye mwisho tofauti kabisa, moja ikiishia milioni 1.3 na nyingine milioni 2.6, zinapita karibu na nukta zilezile kwa miaka kumi nzima. Mtu aliyekuwa na hesabu za hadi 1971 tu asingeweza kuzitofautisha, hata awe hodari kiasi gani. Mimi niliichagua K ya milioni 1.3 kwa sababu tayari najua idadi ilitulia wapi, yeye hakujua. Kwa hiyo mstari unaopita vizuri kwenye nukta hauthibitishi kwamba modeli ni ya kweli. Unaonyesha tu kwamba bado haijakataliwa. Ukitaka kuijua K, sharti uwe na takwimu kutoka wakati ambapo idadi inakaribia K, au uipime kwa njia nyingine kabisa, kwa mfano kwa kupima nyasi za kiangazi na kiasi anachokula nyumbu mmoja kwa siku.

Na hesabu zenyewe zina makosa. Picha za ndege hufunika vipande vya eneo, na jumla hukadiriwa kutokana na vipande hivyo. Tofauti ya asilimia mbili kati ya modeli na hesabu ya mwaka mmoja si jambo la kujivunia wala la kuhuzunisha.

Kigezo kipi kina nguvu: somo kutoka kwa mbu

Hatua inayofuata ni kujifunza kuiuliza modeli swali la kivitendo: nikiweza kubadilisha kitu kimoja tu, kipi kitaleta tofauti kubwa? Kwa hili malaria inafundisha vizuri kuliko kisa chochote ninachokijua.

Ronald Ross, aliyegundua huko Secunderabad, India, mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, alikumbana na pingamizi lililoonekana kuwa na mantiki: kwa kuwa haiwezekani kuua mbu wote, kazi ya kuwapunguza ni bure. Akiwa ametumwa Mauritius mnamo 1907, aliliandika suala hilo kwa hesabu katika taarifa yake ya 1908. Hesabu yake ilionyesha kwamba kuna kiwango fulani cha mbu kwa kila mtu, na chini ya kiwango hicho malaria haiwezi kuendelea, hata kama mbu bado wapo. Hili si jambo ambalo mtu angeliona kwa macho kijijini. Linaonekana katika mlinganyo.

Katika miaka ya 1950 George Macdonald, akifanya kazi London, aliiendeleza hesabu hiyo kwa kuuliza swali ambalo nataka uliulize nawe kwa lahajedwali: tumpunguze mbu idadi, tumzuie asiume, au tumfupishie maisha? Fuata mnyororo wenyewe. Mbu jike wa Anofelesi anamuuma mgonjwa na kunywa vimelea. Katika joto la pwani vimelea vinahitaji siku kama 10 ndani yake kabla ya kuwa tayari kumwingia mtu mwingine. Mbu lazima aishi siku hizo zote, kisha aume tena.

Chukua kwanza idadi. Ukipunguza mbu kwa nusu, maambukizi yanapungua kwa nusu. Hakuna la ajabu. Chukua sasa kuuma. Ili malaria isafiri, mbu lazima aume mara mbili, mara ya kwanza kuchukua na mara ya pili kupeleka, kwa hiyo kasi ya kuuma watu huingia kwenye mlinganyo mara mbili, ikijizidisha yenyewe. Ukiipunguza kwa nusu, kinachobaki ni nusu ya nusu, yaani robo.

Maisha ya mbu ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Tuseme mbu ana nafasi ya 0.9 ya kuishi kutoka leo hadi kesho. Nafasi ya kuishi siku 10 ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani 0.35 hivi, kati ya mbu 100 walioambukizwa, 35 wanafikia siku ya kuwa hatari, na kwa wastani kila mmoja anabakiwa na siku 9.5 za kuendelea kuuma. Punguza nafasi hiyo kuwa 0.8, badiliko linaloonekana dogo. Sasa mbu 11 tu kati ya 100 wanafikia siku ya kumi, na wanabakiwa na wastani wa siku 4.5. Kokotoa mwenyewe kwa fomula hii, inayozidisha sehemu ya mbu wanaofikia siku ya kumi mara wastani wa siku zinazobaki, ambao ni 1 gawanya kwa -LN ya nafasi ya kuishi (LN ni logi asilia), ukibadilisha 0.9 kuwa 0.8 katika sehemu zote mbili:

=(0.9^10)/(-LN(0.9))

Ya kwanza inatoa 3.31 na ya pili 0.48, kwa hiyo maambukizi yamepungua hadi kama moja ya saba. Hii ndiyo sababu dawa inayopuliziwa ukutani, mahali mbu anapotua akiwa ameshiba damu, pamoja na chandarua chenye dawa, vina nguvu kupita tunavyoweza kukisia kwa kuwahesabu mbu waliokufa. Chandarua chenye dawa kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kinazuia kuuma, ambako kunajizidisha, na kinafupisha maisha, ambayo yanajizidisha mara kumi. Badilisha pia ile 10 iwe 20, kama inavyoweza kuwa katika nyanda za juu zenye baridi ambako vimelea hukua polepole, na utaona kwamba hata kwa nafasi ya 0.9 ni mbu 12 tu kati ya 100 wanaofikia hatua ya kuambukiza.

Kazi hii ya kubadilisha kigezo kimoja kimoja huku vingine vikitulia, na kuandika matokeo yamebadilika kwa kiasi gani, ifanye kwa kila modeli utakayoijenga. Itakuambia ni namba ipi inayostahili kupimwa kwa uangalifu mkubwa na ipi unaweza kuikadiria. Mlinganyo wa Macdonald uliposema kwamba umri wa mbu ndio kitovu cha jambo, watu walilazimika kuutafuta umri huo kwa darubini. Katika eneo la Muheza, mkoani Tanga, watafiti katika miaka ya 1960 waliwapasua mbu kwa maelfu na kuchunguza mifuko yao ya mayai, kwa kuwa kila uzazi huacha alama inayowezesha kukadiria umri. Kila unapoandika 0.9 kwenye seli, kumbuka kwamba kuna mtu aliyeinama juu ya darubini usiku kucha ili namba kama hiyo ipatikane, na ukiichukua kutoka kwenye chapisho la utafiti, soma ilipimwa wapi, kwa mbu wa aina gani, na katika msimu gani.

Ziulize pia dhana zake. Mlinganyo huu unachukulia kwamba mbu mzee na mbu kijana wana nafasi sawa ya kufa, na kwamba watu wote huumwa kwa kiwango kimoja. Dhana hizo hazishiki kikamilifu: mtoto anayelala bila chandarua na jirani yake mwenye nyumba yenye nyavu madirishani hawaumwi sawasawa, na mbu wanaozoea kuuma nje jioni mapema hawakutani na dawa ya ukutani. Ziandike dhana zako zote chini ya kila modeli, kwa sentensi kamili, ili msomaji wako aweze kuzipinga.

Hisabati ya kujifunza, na kwa mpangilio upi

Ukishazijenga modeli hizi mbili utaona mwenyewe ni hisabati gani inayokupungukia, na huo ndio wakati mzuri wa kuisoma. Anza na vipeo na logi, kwa sababu ongezeko la viumbe na vifo vyao hujizidisha, na logi huugeuza mstari uliopinda kuwa ulionyooka. Chukua logi ya hesabu za nyumbu za 1961 hadi 1971 uzichore; nukta zikilala kwenye mstari ulionyooka, ongezeko lilikuwa la asilimia ileile kila mwaka, na zikianza kuinama, kikomo kimeanza kuhisiwa. Kisha soma kalkulasi, lakini isome ukijua tayari maana yake: fomula uliyoiburuta kwenye lahajedwali ni mlinganyo wa mabadiliko wenye hatua ya mwaka mmoja, na kalkulasi inauliza nini kinatokea hatua hiyo inapofupishwa kuwa siku, saa, mpaka karibu na sifuri. Baada ya hapo nenda kwenye nadharia ya uwezekano na takwimu. Katika idadi ndogo, kama faru waliobaki makumi machache, bahati ya mwaka mmoja mbaya ina uzito kuliko wastani wowote, na modeli isiyo na bahati ndani yake itakudanganya.

Lugha ya programu, iwe R au Python, zote za bure, ifuate lahajedwali linapokuelemea, kwa mfano unapotaka kuiendesha modeli mara elfu kwa vigezo vinavyobadilikabadilika. Sioni haja ya kuikimbilia mapema.

Zoezi la kufanya nyumbani

Njia bora ya kuendelea kutoka hapa ni kujitafutia takwimu zako. Chukua kilo moja ya mahindi makavu yasiyowekwa dawa, yaweke kwanza kwenye friza kwa wiki moja ili wadudu waliomo ndani wafe, kisha yaache yarudi kwenye joto la kawaida na uyatie kwenye chupa yenye mdomo mpana. Weka fukusi 20 walio hai, funika kwa kitambaa kilichobana ili wapate hewa bila kutoroka, na kila wiki, siku ileile, yamwage mahindi kwenye sinia, uhesabu fukusi walio hai na uwarudishe. Andika namba kwenye safu ya kwanza, na kwenye safu ya pili iendeshe modeli ya nyumbu kwa r na K utakazozikisia.

Modeli hiyo itakwambia kwamba ongezeko linaanza wiki ya kwanza. Chupa itakataa. Kwa wiki nne hivi idadi haitapanda, na pengine itashuka kidogo, kwa sababu fukusi jike hutaga mayai ndani ya punje na mtoto hukulia humohumo. Katika joto letu huchukua kama wiki tano tangu yai hadi mdudu kamili. Ndipo uandike fomula mpya, ambayo wadudu wa wiki hii ni sehemu ya wale wa wiki iliyopita walionusurika, pamoja na watoto wa wale waliokuwepo wiki tano nyuma. Ukiwa umeiweka idadi ya kuanzia katika B2, jaza B3 hadi B6 kwa kunusurika peke yake, na kuanzia B7 andika:

=B6*$E$1+$E$2*B2

E1 sasa ni sehemu ya wadudu wanaonusurika kila wiki, na unaweza kuipata kutokana na hesabu zako za wiki nne za mwanzo, ambazo hazina mdudu mpya hata mmoja. E2 ni idadi ya watoto wanaofikia utu uzima kwa kila mdudu mmoja aliyekuwepo, na hiyo utaipata wiki ya tano na ya sita. Modeli hii haina kikomo bado. Endelea kuhesabu mpaka punje zianze kugeuka unga, na utajua mwenyewe ni wiki gani ya kukiongeza na mahali gani kwenye fomula.